Meli Iliyopita Cobh kwa Saa Mbili

Titanic haikuwahi kugusa gati la Cobh. Urefu wake ulikuwa mita 269, na mji huo mdogo wa kusini mwa Ireland haukuwa na gati la kuipokea. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 11 Aprili 1912, ilitia nanga nje ya lango la bandari, kiasi cha maili mbili kutoka mnara wa taa wa Roche's Point. Ikapakia watu na barua, ikateremsha wachache, na baada ya saa mbili hivi ikang'oa nanga. Watu wengi wa mjini waliiona kwa mbali tu. Wengine hawakuiona kabisa.

Saa mbili hizo ndizo Cobh inazoziadhimisha. Katika uwanja wa Pearse Square, katikati ya mji, pana kumbukumbu yenye mchoro wa meli uliochongwa kwa shaba. Maandishi yake hayaanzi na siwa barafu wala na hesabu ya waliozama. Yanataja bandari ya mwisho ambayo Titanic ilipita katika safari yake ya kwanza na ya mwisho, kisha yanawakumbuka kwa namna ya pekee wahamiaji wa Ireland. Upande wa mashariki wa mji, ufukweni, kuna bustani iliyofunguliwa mwaka 2013. Humo umesimamishwa ukuta wa vioo ulioandikwa majina 123, ya abiria wote waliopandia hapo. Waliopona na waliokufa wameorodheshwa pamoja, kwa kuwa wote walikata tiketi na wote waliondoka.

Kumbukumbu nyingi za meli zilizozama huhesabu maiti. Ya Cobh inahesabu abiria. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kuanza na bandari yenyewe.

Wakati huo mji uliitwa Queenstown, jina ulilopewa mwaka 1849 Malkia Victoria alipoutembelea. Jina la Cobh lilirudi mwanzoni mwa miaka ya 1920, Ireland ilipokuwa ikijitoa mikononi mwa Uingereza. Jina lolote utakalotumia, kazi ya mji ilikuwa ileile: kusafirisha watu kwenda Amerika. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani, ilifungua njia ambayo haikufungika kwa zaidi ya miaka mia. Kati ya mwaka 1848 na 1950, Wairishi zaidi ya milioni 6 waliihama nchi yao, na takriban milioni 2.5 miongoni mwao walipitia hapa. Annie Moore, msichana aliyekuwa wa kwanza kupokewa katika kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892, alikuwa ameondoka Queenstown siku chache kabla ya Krismasi pamoja na wadogo zake wawili wa kiume. Sanamu yao imesimama ufukweni tangu mwaka 1993.

Vijijini, usiku wa kumuaga msafiri ulikuwa na desturi zake. Majirani walikusanyika nyumbani kwao, wakapiga fidla, wakacheza na kunywa hadi alfajiri, na kulipokucha vilio vikaanza kama vya matangani. Wenyewe waliuita mkesha wa Amerika. Wazazi walijua kwamba nauli ya kwenda hupatikana kwa kuchangiwa na ndugu waliotangulia Boston au Chicago, ila nauli ya kurudi haina mchangaji. Mwenye kuondoka aliagwa kama marehemu ingawa alikuwa amesimama mlangoni na sanduku lake.

Ndivyo walivyoagwa wengi wa wale 123.

Titanic ilikuwa imeondoka Southampton saa sita mchana wa tarehe 10 Aprili, ikavuka hadi Cherbourg, Ufaransa, ikapakia abiria jioni hiyo na kuendelea usiku kucha. Ilifika nje ya Queenstown yapata saa 5:30 asubuhi. Huko mjini abiria walikuwa wameshawasili kwa treni kutoka Cork, wengine wakiwa wamelala katika nyumba za wageni zilizojaa mitaa ya karibu na bandari. Walikusanyika kwenye gati la mbao nyuma ya ofisi ya White Star, kampuni iliyomiliki Titanic, wakapandishwa katika meli mbili ndogo za magurudumu zilizoitwa Ireland na America. Hizo ndizo zilizobeba watu na mifuko ya barua kutoka mjini hadi kwenye meli kubwa.

Watatu walikuwa wa daraja la kwanza: Daktari William Minahan wa Marekani, mkewe na dada yake. Saba walikuwa wa daraja la pili. Waliobaki, 113, walikuwa wa daraja la tatu, wengi wao vijana wa kike na wa kiume wenye umri wa miaka ishirini hivi, ambao kwa kawaida walilipa kama pauni 7 na shilingi 15 kila mmoja. Walipokuwa wakielekea lango la bandari wangeweza kugeuka na kuliona kanisa kuu la Mtakatifu Colman juu ya kilima, likiwa bado linajengwa baada ya miaka zaidi ya 40. Mnara wake ulikamilika mwaka 1915.

Pamoja nao walikuja wachuuzi wa Queenstown. Ilikuwa kawaida yao kuzifuata meli kubwa kwa mashua, wakapanda hadi sitahani na kutandaza lesi za Ireland, vitambaa na mapambo mbele ya matajiri wa daraja la kwanza. Inasimuliwa kwamba John Jacob Astor, mmoja wa watu matajiri kuliko wote melini, alimnunulia mkewe koti la lesi kwa bei ambayo ingewalipia nauli abiria ishirini wa daraja la tatu.

Wakati biashara ikiendelea, uso mweusi ulichomoza juu ya dohani ya nne. Dohani tatu za mbele zilitoa moshi wa matanuri, lakini ya nne ilikuwa ya kupitisha hewa, na mtia makaa mmoja alikuwa amepanda ngazi zake za ndani ili apunge upepo na kutazama bandari. Walio chini waliona kichwa chenye masizi kikichungulia kutoka mahali pasipofikiwa na mtu. Wengine walicheka. Wengine walisema ni ndege mbaya, na baada ya ajali hawakukosa wa kuwaamini.

Abiria saba walikuwa na tiketi za kuishia hapo. Mmoja wao ndiye aliyetuachia macho ya kuiona siku ile. Francis Browne, mzaliwa wa Cork, alikuwa na miaka 32 na alikuwa akisomea upadri katika Shirika la Yesu. Baba yake mdogo, Robert Browne, askofu wa Cloyne aliyekuwa na kiti chake Queenstown, alimnunulia tiketi ya daraja la kwanza kutoka Southampton. Francis alikuwa na kamera, na aliitumia kama mtu anayejua kwamba muda ni mfupi. Alipiga picha ya ukumbi wa mazoezi, ya chumba cha redio, ambayo ni picha pekee inayojulikana ya chumba hicho, na ya mtoto wa miaka sita, Douglas Spedden, akichezea pia sitahani huku watu wazima wakimtazama.

Kule melini mume na mke Wamarekani, watu wenye mali, walimpenda wakajitolea kumlipia nauli hadi New York na kurudi. Browne alimtumia mkuu wake wa shirika simu ya maandishi kuomba ruhusa. Jibu lilimkuta Queenstown, nalo lilikuwa amri fupi ya kuteremka. Aliteremka. Karatasi ile aliihifadhi mkobani mwake hadi mwisho wa maisha yake.

Wa nane aliyeshuka hakuwa na ruhusa ya mtu. John Coffey, mtia makaa kijana, mwenyeji wa Queenstown, alikuwa ameajiriwa Southampton. Kwao palipoonekana, alijificha kati ya mifuko ya barua iliyokuwa ikiteremshwa na kufika nchi kavu bila kugunduliwa. Watu wamebuni sababu nyingi za kutoroka kwake, zikiwemo za ndoto na hisia za maafa. Huenda alitaka tu usafiri wa bure wa kurudi nyumbani. Muda si mrefu baadaye aliajiriwa tena kutia makaa, safari hii katika meli ya Mauretania.

Mifuko aliyojificha nayo haikuwa mitupu. Abiria waliopandia Southampton na Cherbourg walikuwa wameandika barua melini, kwenye karatasi zenye nembo ya White Star, na Queenstown ilikuwa nafasi yao ya mwisho ya kuzituma. Walisifu ukubwa wa meli, chakula, na utulivu wa bahari. Baadhi ya barua hizo zilifika kwa wenyewe baada ya habari za kifo cha mwandishi.

Saa 7:30 mchana nanga ilipanda. Browne, akiwa katika meli ndogo ya kurudi, alipiga picha zake za mwisho. Katika sitaha ya nyuma, Eugene Daly, kijana kutoka Athlone, alichukua zumari lake la mfuko na kuwapigia wenzake wa daraja la tatu wimbo wa maombolezo huku pwani ya Ireland ikipungua. Siku tatu zilizofuata zilikuwa shwari.

Yaliyotokea usiku wa tarehe 14 yanajulikana. Saa 5:40 meli iligonga siwa barafu. Saa 8:20 usiku, tarehe 15, ilikuwa imezama. Mashua za kuokolea zilikuwa 20, zenye nafasi ya watu 1,178, na waliokuwa melini walizidi 2,200. Walikufa kama 1,500. Miongoni mwa wale 123 waliopandia Queenstown, 44 walipona na 79 walikufa.

Nyuma ya hesabu hiyo kuna majina. Margaret Rice, mjane ambaye mumewe alikufa kazini kwenye reli huko Spokane, Marekani, mwaka 1910, alikuwa akirudi huko na wanawe watano wa kiume, mkubwa akiwa na miaka 10 na mdogo 2. Hakuna aliyepona. Mwili wake uliokotwa na kutambuliwa kwa kikasha cha vidonge chenye jina la duka la dawa la Athlone; watoto hawakuonekana. Daniel Buckley, kijana wa Cork, aliingia katika mashua, na wanaume walipoamriwa kutoka, mwanamke mmoja alimfunika kwa shali yake. Alipona, akatoa ushahidi mbele ya Baraza la Seneti la Marekani, akaeleza jinsi lango lililowazuia watu wa daraja la tatu kupanda juu lilivyovunjwa. Mwaka 1918, akiwa askari wa Marekani, aliuawa Ufaransa mwezi mmoja kabla ya vita kwisha. Eugene Daly naye aliokoka akiwa ameng'ang'ania mashua iliyopinduka. Kati ya madai yake kwa kampuni kulikuwa na dola 50 za zumari lililozama.

Parokia ya Addergoole, katika kaunti ya Mayo, ilikuwa imetoa watu 14 kwa mkupuo mmoja. Walipona wanawake watatu: Annie Kate Kelly, Annie McGowan na Delia McDermott. Kwa parokia ya vijijini, vifo 11 usiku mmoja ni karibu kila ukoo kupata msiba. Hadi leo kengele ya kanisa la Lahardane hupigwa kila mwaka, usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili, saa ileile ya kuzama, mapigo 11 ya huzuni na matatu ya furaha.

Ungedhani Queenstown ingejenga mnara mara moja. Haikujenga. Ilipita zaidi ya miaka 80.

Sababu ya kwanza ni kwamba mji haukupokea maiti hata mmoja. Miili iliyopatikana ilipelekwa Halifax, Canada, au ilizikwa baharini. Familia zilizofiwa zilikuwa Mayo, Longford, Westmeath na kwingineko, si Queenstown. Mji ulikuwa umewapa watu hao kitanda cha usiku mmoja na nafasi gatini, kama ulivyowapa mamilioni wengine.

Ya pili ni siasa. Siku ileile Titanic ilipotia nanga nje ya bandari, tarehe 11 Aprili 1912, Waziri Mkuu Herbert Asquith aliwasilisha katika Bunge la London muswada wa kuipa Ireland bunge lake lenyewe. Miaka kumi iliyofuata ilileta vita vya dunia, uasi wa Dublin mwaka 1916, vita vya kudai uhuru, na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Dola mpya ilikuwa na mashujaa wake wa kuwachongea sanamu. Meli ya kampuni ya Liverpool iliyoundwa Belfast, upande wa kaskazini uliobaki chini ya Uingereza, haikuwa kwenye orodha.

Ya tatu ilikuwa msiba mkubwa zaidi kwa mji wenyewe. Tarehe 7 Mei 1915 nyambizi ya Kijerumani U-20 iliipiga kwa topido meli ya abiria Lusitania karibu na Old Head of Kinsale, mwendo mfupi kutoka hapo kwa bahari. Ilizama kwa dakika 18, na watu 1,198 wakafa. Safari hii maafa yalikuja hadi gatini. Mashua za uvuvi na meli ndogo ziliwaleta Queenstown waliopona na waliokufa, maghala yakageuzwa vyumba vya maiti, na zaidi ya watu 150 walizikwa katika makaburi ya Old Church nje ya mji, wengi wao katika makaburi ya pamoja. Watu waliokuwa wamebeba majeneza hawakuhitaji kushawishiwa kujenga kumbukumbu. Hata hivyo nayo ilichelewa. Mchongaji Jerome Connor, mzaliwa wa Kerry, alifariki mwaka 1943 kabla ya kuikamilisha, na malaika wake wa amani na wavuvi wawili waliochoka walikamilishwa na wengine katika miaka ya 1960. Wamesimama Casement Square, hatua chache kutoka iliyokuwa ofisi ya White Star.

Titanic ilirudi Cobh kwa njia nyingine, vipande kwa vipande. Tarehe 1 Septemba 1985 mtafiti wa bahari Robert Ballard na wenzake walilipata ganda lake katika kina cha karibu mita 3,800. Katika miaka hiyohiyo padri mwenzake Browne, Eddie O'Donnell, alifungua sanduku lililokuwa limesahaulika tangu Browne alipofariki mwaka 1960, akakuta negativu zipatazo 42,000 zilizopangwa kwa uangalifu. Magazeti ya mwaka 1912 yalikuwa yamechapisha picha chache tu za Browne. Sasa safari nzima kutoka Southampton hadi Queenstown ilionekana, pamoja na umati wa gatini na meli ndogo zikiwa zimejaa watu. Filamu ya James Cameron kuhusu meli hiyo ikatoka mwaka 1997, na wageni wakaanza kuuliza njia ya kwenda gatini. Ni katika miaka hiyo, kuelekea mwisho wa karne, kumbukumbu ya Pearse Square ilisimamishwa.

Mwaka 2011 kikaja kitu ambacho hakuna mchongaji angekibuni. Jeremiah Burke wa Glanmire, karibu na Cork, alikuwa na miaka 19 alipopanda Titanic pamoja na binamu yake Nora Hegarty. Wote wawili walikufa. Mwaka 1913 chupa iliokotwa ufukweni Dunkettle, si mbali na kwao, ikiwa na karatasi ya kuwaaga watu, iliyotiwa sahihi kwa jina lake na la kijiji chake. Mama yake aliutambua mwandiko, na aliitambua pia chupa: alikuwa amempa mwanawe ikiwa na maji ya baraka. Wapo wasioamini kwamba chupa iliyotupwa Atlantiki ingerudi hadi mlangoni pa mwenyewe. Ukoo uliihifadhi karatasi hiyo kwa karibu miaka 100, kisha ukaikabidhi kwa kituo cha urithi cha Cobh, kilichomo katika stesheni ya zamani ya reli ambayo abiria wengi wa siku ile waliteremkia.

Mwaka uliofuata, wakati wa maadhimisho ya miaka 100, Rais wa Ireland wa wakati huo, Michael D. Higgins, alikuwa Cobh tarehe 11 Aprili. Mwezi huohuo meli ya Balmoral ilipitia hapo ikiwa na wasafiri waliotaka kuifuata njia ya Titanic, baadhi yao ndugu wa waliokufa. Ofisi ya White Star ilifunguliwa kama jumba la maonyesho. Mgeni anayeingia hukabidhiwa kadi yenye jina la mmoja wa wale 123, na mwishoni mwa ziara hujua kama mwenye jina alipona. Kupitia dirisha la nyuma huonekana nguzo za gati la mbao, zilizooza na kuzungukwa na maji, ambazo wenyeji huziita gati la moyo uliovunjika.

Bustani ya mwaka 2013 ilimalizia kazi hiyo, na mahali pake palichaguliwa kwa makusudi: mtu akisimama mbele ya ukuta wa majina hutazama upande ule ambako Titanic ilitia nanga. Kati yake na bahari kuu sasa hupita meli ambazo zingeifanya Titanic ionekane ya kawaida. Gati la maji ya kina, kando ya stesheni, limeboreshwa ili kupokea meli za watalii zenye urefu wa zaidi ya mita 300, na katika msimu wa kiangazi hufunga hapo mara kwa mara. Abiria wake hushuka kwa ngazi moja kwa moja hadi mtaani, kwa maelfu, wakanunua kahawa, wakapiga picha na Annie Moore, wakasoma majina kwenye vioo. Jioni huitwa kwa honi, nao hurudi melini wote, pamoja na tiketi zao za kwenda na kurudi.